Mtoto wa Mbwa Miguuni Pangu

Nimezaa watoto saba, nikawalea wote saba, na hakuna hata mmoja aliyemaliza mwaka wa pili akiwa bado anajisaidia ndani ya nyumba yangu. Kijiji chetu chote cha Kwaluguru kililijua jambo hilo. Mwanamke kijana akijifungua mtoto wa kwanza, mama yake alimtuma kwangu aje atazame ninavyofanya. Nalitaja hili mwanzoni si kwa kujisifu, au tuseme ni kwa kujisifu kidogo, ili ieleweke kwamba mtu aliyeshindwa na mtoto wa mbwa mwaka huu hakuwa mtu wa kawaida katika kazi hiyo. Alikuwa bingwa.

Mambo yalianzia shambani. Nilikuwa navuna mahindi ya masika, mguu ukaingia katika shimo lililofukuliwa na nguruwe pori, kifundo kikageuka, nikalala kati ya matuta. Jua lilikuwa bado la asubuhi. Niliinuliwa karibu na adhuhuri. Kati ya hapo walipita watu wawili katika njia ya chini ya shamba, wakizungumza, na niliwasikia vizuri hata nikajua wanamsengenya nani. Sikuwaita. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeangukia mbali, kanga imefunguka, nami ni mtu ambaye watu hao walizoea kunyamaza akipita. Nikaona afadhali nilale. Jua nalo likaona afadhali lipande.

Watu wale wawili walipokuja kunipa pole, walieleza mbele ya mwanangu kwamba asubuhi ile walipita palepale. Mwanangu akanigeukia.

"Mama, hukuita?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa napumzika.

Akanichukua mpaka kwake Kwamndolwa, hospitali wakanifunga plasta, nikakaa kwenye kiti kama mgeni. Plasta ilipotolewa nilianza kuzungumzia safari ya kurudi, kwa kuwa vuli haingojei mtu na shamba langu halijawahi kukosa mbegu msimu wowote tangu nilipoolewa. Mwanangu alikataa. Alisema kwamba kuanguka anaanguka yeyote, hata kijana, na hilo halimtishi. "Ila wewe unaanguka halafu unanyamaza. Mtu wa namna hiyo haishi peke yake." Tayari alikwisha kumpata mtu wa kulikodi shamba. Nyumba yangu, alisema, ingetiwa kufuli.

Niliyawaza maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia aniletee mbwa. Dini yetu inamruhusu mbwa wa kulinda shamba, na mbwa, tofauti na mimi, hana haya ya kupiga kelele. Nikianguka, ataniitia watu.

Mwanangu alitafakari, kisha akatoa sharti. Angeniletea mtoto wa mbwa, nimlee palepale Kwamndolwa, macho yake yakiona. Mvua za vuli zikikaribia, kama mnyama huyo ameacha kuchafua kibaraza, angetupeleka sote wawili Kwaluguru. Kama bado anachafua, angejua kwamba siwezi kumwangalia mbwa, sembuse mimi mwenyewe, na shamba lingelimwa na mwingine.

Nilicheka. Nikamwuliza kama amesahau ni nani aliyemfundisha yeye. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele, aliinamisha uso ndani ya ungo.

Mbwa aliletwa kutoka Hale, ndani ya boksi la sabuni lililofungwa nyuma ya pikipiki. Rafiki wa mwanangu anayekaa kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme alikuwa na jike lililozaa. Mtoto huyo wa mbwa alikuwa wa rangi ya udongo, tumbo duara, miguu mifupi iliyokuwa bado haijakubaliana iende wapi. Walimweka kwenye kibaraza cha nyuma. Akanitazama, akaja mpaka mbele ya kiti changu kwa heshima zote, akachuchumaa, akafanya haja kubwa. Sikumpa jina. Nilimwita Wewe, naye akaitika, na mpaka leo anaitika hivyo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwa Waislamu wenzangu halihitaji maelezo. Ute wa mbwa na haja zake ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo safi. Kule Kwaluguru udongo ndio ua wenyewe. Kwa mwanangu ua wote ni saruji, kwa hiyo tulilazimika kuweka kando ya mlango ndoo ya udongo uliochotwa mtoni. Kila Wewe alipokosea, mke wa mwanangu au mimi tuliosha mara saba. Wiki ile ya kwanza nilihesabu saba mara nyingi kiasi kwamba nilipokuwa nasali niliogopa nisije nikazidisha rakaa.

Nilianza na njia niliyoiamini zaidi, ambayo ni jicho. Watoto wangu niliwatazama tu, wakajua. Nilimkazia Wewe macho kwa ukali niliokuwa nao wote. Akatikisa mkia, akakojoa kwa furaha. Nikamgombeza kwa Kizigua, lugha niliyowagombezea wote, akalala chali nimkune tumbo. Nikaigonga sakafu kwa fimbo karibu na pua yake, akaing'ata fimbo. Mke wa mwanangu alipita na ndoo bila kusema neno, na ukimya wa mkwe katika hali kama hiyo ni mrefu kuliko hotuba.

Mjukuu wangu, huyu anayeniandikia kwa kuwa mimi shule sikuiona, alisoma kwenye simu kwamba mtoto wa mbwa atolewe nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila anapomaliza kucheza. Na kwamba akifanya haja mahali panapotakiwa asifiwe papo hapo. Nilimwambia kwamba simu haijawahi kulea mtoto. Hasa hilo la kusifu lilinichukiza. Mimi sikumsifu mtu kwa kwenda chooni. Ukishaanza kusifu hilo, utasifu mpaka kupumua.

Nikarudi katika ujuzi wangu. Kwa desturi yetu, mama huketi chini, hunyosha miguu, humkalisha mtoto juu ya nyayo zake mbili zilizoachana kidogo, humshika mikono, kisha hupuliza "shiii" kati ya meno mpaka mambo yatokee. Watoto saba walipita juu ya nyayo hizi. Nikatafuta kiroba kikuukuu cha sembe, nikakipasua, nikajifunga miguuni kwa kamba ili najisi isinifikie, nikavaa mifuko mingine mikononi. Nyuma ya uzio wa michongoma palikuwa na lundo la mchanga uliobaki walipojenga nyumba. Nikaketi pale, nikamkalisha Wewe miguuni, nikaanza kupuliza.

Jirani wa upande wa pili, mwanamke wa Kishambaa mwenye adabu nyingi, alichungulia juu ya michongoma. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, nikaendelea kupuliza. Akauliza kama naendelea vizuri. Nikasema vizuri. Akatazama kiroba, akamtazama mbwa, akasema kwamba ataniletea ndizi. Nadhani alidhani ni maradhi.

Lakini siku ya nne Wewe akakojoa. Akakojoa hasa, juu ya mchanga, nilipopuliza. Na mimi, kabla sijajizuia, nikasikia sauti yangu ikisema, "Hodari, baba. Hodari sana. Umefanya vizuri mno." Nikamkuna kichwa kwa mkono wenye mfuko. Nikarudia tena.

Nilipogeuka, mwanangu alikuwa amesimama penye kona ya nyumba, kofia ya pikipiki bado iko mkononi.

"Mama," akasema, "mimi nimejenga nyumba hii yote, hujaniambia hivyo."

Nikamwambia nyumba yake ina ufa juu ya dirisha la jiko.

Akacheka, akaingia ndani. Ufa ule ni kweli upo. Ila nilikaa juu ya mchanga muda mrefu baada ya Wewe kumaliza shughuli zake, nikitafuta katika kumbukumbu siku moja tu ambayo nilimwambia mtoto yule hodari, nikakosa. Jioni nilimwambia chai yake ni nzuri. Aliyeipika alikuwa mkewe.

Kuanzia hapo nilifuata maneno ya simu kwa siri. Akiamka, mchangani. Akila, mchangani. Kila mara nilipuliza, kila mara nilisifu, ila nilisifu kwa sauti ya chini na baada ya kutazama kona ya nyumba. Kibaraza kikaanza kukauka. Nikaanza kumwuliza mwanangu kama amekwisha kumwambia yule mpangaji wa shamba atafute kwingine. Nilitembea uani kama mtu aliyekabidhiwa cheo.

Cheo hicho nilivuliwa pale mke wa mwanangu alipokuja kusimama mbele yangu na mwiko mkononi.

"Mama, mbwa wako ananikojolea kila nikitia kitunguu."

Sikuelewa. Nikaenda kwenye jiko la nje nikashuhudia. Mafuta yalipopata moto, akamimina kitunguu, sufuria ikalia shiii. Na Wewe, aliyekuwa amelala mlangoni, akaamka kama askari aliyeitwa kwa jina, akachuchumaa palepale, akamaliza, kisha akanitazama akingoja sifa. Ikawa hivyo kwa samaki, ikawa hivyo kwa maandazi. Fundi baiskeli aliyekuja kujaza upepo naye alikojolewa pampu. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Watoto wa binadamu huisahau ile sauti wakikua; sikuwahi kufikiri kinachotokea kwa asiyesahau.

Tulilazimika kuanza upya, na vuli ilikuwa imebakiza kama mwezi. Safari hii niliacha mdomo nikatumia fimbo. Nilipomfikisha mchangani niligonga chini mara mbili, nikangoja, akikojoa nikamsifu. Mkwe wangu naye alikubali kutokaanga chochote kwa wiki mbili. Tulikula vya kuchemsha, na mwanangu hakuuliza kwa nini, jambo ambalo nalihesabu kuwa hisani. Wewe akasahau vitunguu. Kisha ikafika siku ambayo nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza, nikagonga mara mbili palepale nilipo, akainuka peke yake, akavuka ua, akazunguka michongoma, akafanya mambo yake na kurudi. Siku zikapita bila ndoo ya udongo kuguswa. Mwanangu mwenyewe alisema, akitazama mawingu upande wa milimani, kwamba Jumamosi ijayo huenda tukafunga mizigo.

Jumatano yake, baada ya chai ya asubuhi, nilikuwa nachambua maharage kwenye kibaraza. Wewe alikuwa amelala kando ya nguzo. Mkwe wangu alifungua bomba kujaza pipa, maji yakaanza kulia ndani ya plastiki, nami nikakumbuka kwamba tangu alfajiri sijakwenda chooni. Choo ninachotumia kiko ng'ambo ya ua. Nikaweka ungo chini, nikashika fimbo, nikanyanyuka. Kifundo kile hukakamaa nikikaa sana. Nilipiga hatua moja, nikasimama, nikasikiliza maji, na mambo yakaisha yenyewe pale niliposimama.

Nilikuwa nimevaa kaniki, na nguo nyeusi haisemi siri ya mtu. Sakafu ndiyo ilisema. Nikarudi kitini, nikavuta ungo mapajani, nikaendelea kuchambua maharage ambayo tayari yalikuwa safi.

Mkwe wangu akaja, akasimama.

"Kumbe bado," akasema polepole, akimtazama Wewe.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa matatu au manne. Badala yake nilisema, "Huyu," kwa ukali, na ili uongo ukamilike nikagonga sakafu kwa fimbo, mara mbili, kama mtu anayekaripia. Wewe akaamka. Akanitazama. Akavuka ua mbio, akazunguka michongoma, na kwa kuwa pengo la uzio liko usawa wa kiti changu nilimwona akichuchumaa juu ya mchanga bila kutoa kitu, akijikamua kwa bidii, shingo ameigeuza kwangu. Alikuwa anangoja nimwambie hodari.

Mkwe wangu akaleta ndoo ya udongo. Yale yalikuwa maji ya mtu, na ya mtu huoshwa mara moja yakaisha. Yeye aliosha mara saba. Ya kwanza kwa udongo, akasugua kwa brashi akiwa amepiga magoti, ya pili akamwaga maji, ya tatu. Alihesabu kwa sauti ndogo, ili mimi nisiwe na wasiwasi wa kusali pale. Ya nne akashika kiuno. Nilikuwa nahesabu pamoja naye moyoni, na kila namba nilijiambia kwamba inayofuata nitasema. Alipofika saba akaikunjua mikono ya gauni, akaniambia kwa upole, "Tayari, Mama, pako safi," akaenda.

Nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo. Mmoja nilimchapa kwa kusema paka ndiye aliyekunywa maziwa. Na uongo wangu ulikuwa wa kipumbavu kuliko wa mtoto, kwa sababu haukuniokoa. Mbwa akiwa na kosa, sirudi Kwaluguru. Ndiyo yalikuwa makubaliano. Nikisema ni mimi, sirudi pia, kwani ni nani atakayemwacha peke yake shambani kikongwe asiyefika chooni? Katika njia mbili zilizonifikisha palepale, nilikuwa nimechagua ile inayompitia mbwa.

Mwanangu aliporudi aliambiwa. Hakufurahi, naye nilimwona anavyojitahidi asifurahi wala asihuzunike mbele yangu. Alisema tu kwamba tulikubaliana, kwamba atampigia mtu wa shamba, na kwamba Wewe atarudishwa Hale. Mjukuu wangu akaenda kulitafuta boksi la sabuni. Tukaketi kula. Ugali ulikuwa wa moto, mchicha una nazi, na mimi tonge langu halikuondoka kwenye sahani.

"Mbwa hana kosa," nikasema. "Yale maji ni yangu."

 Mwanangu alilitazama bakuli la mchicha kama mtu anayetaka kuingia ndani yake. Nikarudia, kwa kuwa nilidhani hawakusikia, na kwa kuwa jambo hilo likishatoka mara ya kwanza, mara ya pili ni nyepesi: kwamba nilisimama, nikasikia bomba, nikachelewa, nikamsingizia mnyama.

"Mama," akasema mkwe wangu, "na mimi nikaosha mara saba."

"Nilikuhesabia," nikasema.

Akaanza kucheka. Alijaribu kuzuia, akajifunika mdomo kwa kanga, ikashindikana. Kisha akaniambia, mbele ya mumewe, ambaye sasa alikuwa anaomba ardhi ipasuke, kwamba tangu amzae mtoto wake wa mwisho yeye akipiga chafya lazima kwanza ashike ukuta asije akajikojolea, na kwamba lile jiko la nje huliosha mwenyewe kwa sababu hiyohiyo, mbwa asingiziwe au asisingiziwe. Nami nikacheka, kwa tahadhari.

Mwanangu alinawa mikono. Aliniuliza kwa nini nimesema, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi.  Nikamwambia kwamba mkewe alishika kiuno alipofika ya nne.

 Kisha akasema, "Siku ile shambani ungesema hivi, usingelala juani." Akainuka, akatoka nje na simu. Nilimsikia akimwambia mtu wa shamba atusamehe, mwenye shamba anarudi kulima.

Tulifika Kwaluguru siku ya Jumapili, kwa sababu Jumamosi ilinyesha. Kwetu choo huwekwa mbali na nyumba, nyuma ya mihogo, mahali ambapo mgeni haoni nani anakwenda wala mara ngapi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha marehemu mume wangu mahali pale, na nilisisitiza pawe mbali. Mwanangu alisema kabla ya mbegu kuingia ardhini atachimba kingine. Akachukua jembe na kijiti, akaenda mpaka katikati ya ua na mihogo, akakichomeka kijiti.

"Tembea, Mama. Bila haraka."

Nikatembea kutoka mlangoni, mguu ukiwa umekakamaa kwa safari. Wewe alinifuata akinusa ardhi yote kama mnunuzi.

"Panatosha?"

"Panatosha," nikasema, kwa sauti ileile niliyoizoea.

Akainua jembe. Nikamwangalia akipiga la kwanza, udongo mwekundu ukiwa bado laini kwa mvua. Nikaupima tena mwendo ule kwa macho, toka kijitini mpaka kizingitini.

"Hapana," nikamwambia. "Sogeza."

Akang'oa kijiti, akasogea hatua tano kuelekea nyumba, akanitazama.

Nikamwambia bado.